Ramani ya topo ya Mlima Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wanaopanda mlima, wanafunzi wa upimaji ardhi, na wale wa kupenda tu ramani huwa wananiuliza maswali yaleyale kila msimu wa ukame ukifika, kwa hivyo nimeyaweka pamoja. Mengi ni ya Mlima Kenya manake ndio ninaoujua, lakini ukiwa na mlima mwingine wa pori mambo hayaendi mbali sana na haya.

Si nina Google kwa simu, ramani ya topo ni ya nini?

Google itakufikisha geti ya Sirimon ama Naro Moru vizuri kabisa. Ukishapita geti inakuachia rangi ya kijani na kalaini kamoja ka njia, basi. Ramani ya topo inakuonyesha umbo la ardhi: mabonde, migongo, magenge, maji, na kila mahali unajua uko juu kiasi gani. Kazi hiyo inafanywa na kontua, zile laini za kahawia zinazounganisha sehemu zenye urefu mmoja. Zikikaribiana mlima umesimama, zikiachana ni tambarare, na zikifanya umbo la V lenye ncha inayoangalia juu ya mlima hapo kuna bonde, mara nyingi na kijito ndani yake.

Nitajuaje mteremko ni mkali kabla sijafika?

Pima. Kwa karatasi ya 1:50,000 milimita moja ni mita 50 ardhini. Tuseme kontua zako ziko kila mita 20, na kwa nafasi ya milimita mbili umehesabu nafasi tano kati ya laini. Hiyo ni mita 100 kwenda juu kwa mita 100 za mbele, yaani digrii 45, na digrii 45 kwa changarawe zinazoteleza chini ya kilele cha Lenana si matembezi, hata kama yule jamaa wa hoteli alikwambia ni "kaupandio tu". Watu wengi huangalia umbali peke yake wakasema aah ni kilomita mbili, na kumbe kilomita mbili hizo zina mita mia saba za kupanda na hewa yenyewe ni haba.

Mlima Kenya si ulichorwa kitambo? Kuna nini tena cha kuchora?

Ulichorwa, tena mara nyingi. Halford Mackinder alikuja 1899, akafika Batian, kilele kirefu kuliko vyote, tarehe 13 Septemba akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel, na akarudi na mchoro wa kwanza wa maana wa sehemu ya juu. Husikii sana kwamba msafara huo ulibebwa na Waswahili zaidi ya 60 pamoja na Wakikuyu karibu 100, na bila hao hakuna ubao wa ramani ungefika hata kwa mianzi. 1934 wakaja Wajerumani, Carl Troll na Karl Wien, wakapima barafu ya Lewis kwa picha zilizopigwa kutoka ardhini. Baada ya vita ya pili ndege za kijeshi za Uingereza zikapiga picha za Afrika Mashariki kutoka juu na ile ofisi ya ramani ya makoloni iliyoanzishwa 1946 ikazigeuza kuwa karatasi za 1:50,000, ambazo baadaye Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya upimaji, ndio imekuwa ikizitunza.

Sasa, umbo la mwamba halijabadilika, Batian bado ni mita 5,199, Nelion 5,188, Lenana 4,985. Vilivyobadilika ni vile vitu mtu anavyotumia kweli akiwa huko: njia imehama kwa sababu ya tope, daraja limebebwa na maji, kibanda kimefungwa, barafu imeyeyuka, barabara ya msitu imeota miti katikati. Ukiniuliza mimi, kontua siku hizi ni kitu cha bure, mtu anazitoa kwa kompyuta akiwa kitandani. Kazi iliyobaki ni ya miguu na ya kuuliza watu, na ndiyo hiyo karibu hakuna mtu anataka kuilipia.

Zamani walipimaje bila setilaiti?

Kwa macho, pembe na subira nyingi. Unaweka ubao mtambarare juu ya miguu mitatu, unalenga kilele kwa rula yenye shabaha, unachora laini, unahama kwenda mahali pengine unapopajua, unalenga tena, na pale laini zinapokutana ndipo kilele kilipo. Urefu walikuwa wanakadiria hata kwa kuchemsha maji! Maji huchemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda, kwa mita 5,000 yanachemka kwa kama digrii 83 tu, kwa hivyo ukiwa na kipimajoto kizuri unajua umefika wapi. (Hiyo pia ndiyo sababu maharagwe hayaivi huko juu, usijaribu.)

Zikaja picha za ndege. Ndege inapita ikipiga picha zinazolaliana kwa asilimia kama 60, halafu mtu ofisini anaangalia picha mbili kwa wakati mmoja kwa mashine, jicho hili picha hii na jicho lile picha ile, na mlima unainuka mbele yake kama uko mezani. Anafuata urefu mmoja kwa alama ndogo na laini inajichora. Lakini lazima wapimaji wawe wamepanda kwanza wakapima nguzo kadhaa chini, la sivyo ule mlima wa mezani hauna kipimo chochote.

Na kuna waliopanda bila ramani kabisa. 1943 Waitaliano watatu walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki, wakapanda mlima wakiwa na picha ya mlima iliyokuwa kwa lebo ya mkebe wa nyama, wawili wao wakafika Lenana, wakasimika bendera, na wote watatu wakarudi wenyewe kambini. Batian iliwashinda.

Mbona GPS yangu inaniweka mahali sipo nikitumia karatasi ya serikali?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, kwa hivyo nitalikalia kidogo.

Simu yako ama GPS inatumia mfumo unaoitwa WGS84. Karatasi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao ulitokana na upimaji wa ile laini ndefu ya kutoka Afrika Kusini hadi Misri kufuata longitudo ya digrii 30. Mifumo yote miwili iko sawa kivyake, ila kila mmoja umechukulia dunia ina umbo tofauti kidogo na kitovu chake kimekaa tofauti. Matokeo yake, kwa maeneo ya Mlima Kenya, ukichukua namba za WGS84 ukaziweka moja kwa moja kwa gridi ya karatasi ya Arc 1960 utajiona uko kama mita 300 kusini ya ulipo, na kama mita 90 mashariki.

Mita 300 mjini ni kelele tu, unaangalia jina la barabara. Kwa mgongo mwembamba kati ya mabonde mawili na ukungu umeshuka, mita 300 ni bonde jingine kabisa. Unaambiwa shuka kulia utapata kijito cha kambi na kumbe umeshuka upande usio na kambi wala njia.

Dawa yake ni rahisi. Soma pembeni ya karatasi, chini huko kwenye maandishi madogo ambayo hakuna mtu huyasoma, utaona mfumo umeandikwa, na mara nyingi na jina Clarke 1880 ambalo ndilo umbo la dunia walilotumia. Halafu ingia kwa mipangilio ya GPS ubadilishe iwe Arc 1960. GPS za mkononi nyingi zinao. Simu nyingi hazina, kwa hivyo hapo ni bora uiskani karatasi, uifunge kwa mahali pake kwa kutumia QGIS, programu ya kompyuta ya ramani, ukiiambia wazi kwamba hii ni Arc 1960, halafu programu ikugeuzie. Usiburute ramani kwa mkono hadi "ikae sawa", manake itakaa sawa kwa geti na ikose kwa kilele.

Nilitembea kutoka Naro Moru nikielekea Nanyuki, namba za gridi zikaruka kutoka milioni kumi hadi sifuri. GPS imeharibika?

Haijaharibika, umevuka ikweta. Kusini ya ikweta gridi ya UTM, ile inayohesabu mahali kwa mita, inahesabu kutoka milioni kumi ikishuka, kaskazini inaanza sifuri. Vilele viko kama dakika 9 tu kusini ya ikweta na Nanyuki imeketi juu ya laini yenyewe, kwa hivyo mtu wa Mlima Kenya atakutana na hii kitu kila mara. Ukiwa kwa kompyuta chagua kanda 37 Kusini kwa kazi yote, hata kwa vile vipande vya kaskazini, programu itaendelea tu kuhesabu kupita milioni kumi na hakuna kitu kitavunjika.

Kontua za bure zinatoka wapi, na nizitegemee?

Nyingi zinatoka kwa safari moja ya chombo cha angani Endeavour, Februari 2000, kilizunguka siku 11 kikipima dunia kwa rada. Data yake inaitwa SRTM na kwa Afrika ile ya mita 30 iliachiliwa bure 2014. Kuna nyingine mpya zaidi, ya Copernicus (mpango wa setilaiti wa Ulaya), pia ya mita 30, imetokana na setilaiti mbili za Wajerumani zilizokuwa zikiruka bega kwa bega. Kwa milima mimi naipenda hii ya pili.

Mita 30 maana yake kila kisanduku cha mita 30 kwa 30 kina namba moja tu ya urefu. Hebu fikiria ncha ya Batian, hapo kileleni hapatoshi hata kuweka hema mbili. Kisanduku kimoja kinameza ncha, ukuta na hewa ya pembeni, kinatoa wastani. Ndiyo maana vilele vyembamba hutoka vifupi kwa makumi ya mita na ile nafasi kati ya Batian na Nelion, wanayoita Lango la Ukungu, inaonekana kama kabonde ka kuchungia mbuzi. Kuta zilizosimama zinalainishwa. Point John, ambayo ukiiona kutoka Mackinder's Camp ni kama imechongwa, kwa kontua za kompyuta inakuwa kichuguu.

Shida ya pili ni miti. Rada haifiki chini vizuri kwa msitu mzito, inarudi kutoka kwa majani. Kwa hivyo ukifuata kontua kutoka shamba kuingia msituni utaona ardhi imeruka mita 10, 15, wakati kwa kweli ni miti tu imeanza. Nimeona mtu anauliza kuhusu "genge" refu lililonyooka kama rula upande wa Nyeri. Ulikuwa mwisho wa shamba la misaipresi.

Shida ya tatu ni matundu. Mahali palipokuwa na kivuli cha rada, nyuma ya kuta kali, hakukuwa na data kabisa, na watengenezaji wamejaza kwa kukisia. Kontua zenye mviringo mzuri ajabu katikati ya mawe ya kutisha, shuku hizo.

Kwa hivyo nitegemee ama nisitegemee? Kwa kujua bonde linaelekea wapi na utapanda mita ngapi, tegemea. Kwa kuamua kama hapa mtu anaweza kushuka ukuta huu, usithubutu.

Simu inasema 4,760, kibao kinasema 4,790, saa ya mkononi inasema nyingine. Nani mwongo?

Kuna mambo mawili yamechanganyika. GPS yenyewe hupima urefu kutoka kwa umbo laini la kihesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari, na kwa sehemu zetu tofauti ni mita kumi na kitu, na namba mbichi ya GPS hutoka ndogo. Programu zingine zinarekebisha, zingine hapana. Halafu urefu kwa GPS kila mara una makosa makubwa kuliko mahali, hasa ukiwa bondeni na nusu ya anga imezibwa na mwamba.

Saa ya mkononi mara nyingi inatumia mgandamizo wa hewa. Hiyo ni nzuri sana kwa kupima nimepanda kiasi gani tangu asubuhi, lakini huku kwetu karibu na ikweta hewa ina mchezo wake: mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, juu yake kabisa ni karibu saa nne, asubuhi na usiku, na chini yake ni karibu saa kumi. Kaa kambi ya Shipton's bila kusonga kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, saa yako inaweza kukuambia umepanda mita 20 ama 30. Irekebishe kila ukifika mahali urefu wake unajulikana.

Kilimanjaro wenyewe wamepitia haya. Mita 5,895 ni kipimo cha 1952, na 1999 wapimaji wa Ujerumani na Tanzania wakiwa na GPS za kitaalamu wakapata 5,892. Mlima haukufupika, ni vifaa na hesabu.

Droni je?

Inafanya kazi nzuri kwa eneo dogo, kibanda, makutano ya mito, ukingo wa barafu. Lakini kwanza karatasi: KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwa ruhusa ya kurusha, na ndani ya mbuga ni lazima KWS (wale wa wanyamapori) wakubali, usirushe kimyakimya ukitegemea askari wako mbali. Halafu hewa nyepesi inaila betri, baridi nayo inaila, na upepo wa pale juu ya bonde la Teleki hauna adabu. Mlima mzima kwa droni ni ndoto, sahau.

Picha nzuri za setilaiti nazipata lini, kila nikiangalia ni mawingu tu?

Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba hivi. Setilaiti ya Sentinel-2 inapita kila siku tano na ni bure, mita 10 kwa pikseli. Kumbuka mlima huwa wazi alfajiri na kufikia saa nne, saa tano asubuhi umejifunika, na setilaiti nyingi za picha zinapita saa hizo hizo, ndiyo balaa. Usitafute picha moja safi. Chukua kumi, ushone vipande visivyo na wingu. Na angalia kivuli: upande wa magharibi wa vilele asubuhi ni giza na giza kwa picha linafanana sana na ziwa.

Barafu naichoraje?

Chora na uandike mwaka. Bila mwaka ni uongo. Lewis ni kati ya barafu za tropiki zilizopimwa zaidi duniani, na kutoka ile ramani ya 1934 hadi 2010 ilikuwa imepoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Ile ya Gregory, upande wa pili, imeisha kabisa. Bado kuna ramani zinauzwa zikiwa na Lewis imenona kama ya enzi za mababu, mtu anapanga kuvuka theluji na anakuta mawe malegevu na kidimbwi. Ukichora kutoka picha ya Agosti kuwa makini, theluji ya juzi si barafu, subiri picha ya mwisho wa kiangazi.

Njia za msituni mnazipimaje? GPS yangu kwa mianzi inachora kama mtu mlevi.

Mianzi ni adui. Majani yana maji, anga huioni, bonde limekuziba, basi alama inarukaruka mita 20 huku na kule. Tunachofanya: simu mbili ama tatu kwa watu tofauti, tunapita njia hiyohiyo kwenda na kurudi, na baadaye tunachukua katikati ya laini zote. Tukifika kwa uwazi wowote, mti umeanguka, mto, tunasimama dakika kadhaa tunarekodi sehemu hiyo moja, kisha laini inafungwa kwa sehemu hizo. Inachosha na ni baridi na kuna mbogo, kwa hivyo usiende peke yako, enda na mwelekezi na uwaambie askari wa geti utapita wapi.

Weka simu juu ya begi, si mfukoni. Pawabanki ilale ndani ya sleeping bag na wewe, baridi ya Shipton's inaweza kukuonyesha asilimia 60 jioni na asubuhi simu haiwaki.

Majina mnayatoa wapi?

Hapa ndipo nawaambia watu wavute kiti.

Vilele vitatu vikubwa vina majina ya Kimaasai, Mackinder alivipa majina ya laiboni (kiongozi wa kiroho wa Wamaasai) na jamaa zake. Barafu na mabonde mengi ni ya Wazungu wa sayansi na wasafiri: Tyndall, Darwin, Teleki, Gregory. Hayo yameshakaa, yako kwa kila karatasi na helikopta ya uokoaji ikiitwa ndiyo itatumia hayo, kwa hivyo tunayaacha. Lakini shuka chini ya mita 4,000 ukaangalie karatasi: vijito kumi, majina mawili. Unadhani watu wameishi hapo miaka yote hiyo wakiita "kijito, kijito"?

Njia inayofanya kazi ni hii. Unachapisha ramani kubwa, karatasi ya mita nzima, kontua na maji pekee bila jina hata moja, unaitandaza kwa meza ya hoteli ya chai karibu na geti, unanunua chai. Wapagazi wakishuka wanaanza kuchungulia. Upande wa Chogoria jamaa mmoja mtu mzima aliangalia karatasi kwa muda, hakusema kitu, akaishika pembe akaigeuza hadi magharibi ikawa juu. Hapo ndipo wote wakaanza kuongea, manake kutoka kwao mlima uko magharibi na mto Nithi unakuja ukikuelekea, na mimi nilikuwa nimewawekea kaskazini juu kama vitabu vinavyosema. Ndani ya lisaa limoja karatasi ilikuwa imejaa kalamu: pango la kulala wakati wa mvua, mahali pa kuvukia, maji yanayokauka Februari na yasiyokauka, mti ulioanguka ambao sasa ndio daraja. Hakuna setilaiti itakupa "maji haya hukauka Februari".

Kanuni chache tunazofuata. Jina liulizwe kwa watu wasiopungua watatu waliokaa mbali mbali, wakikaa pamoja mmoja anasema na wengine wanaitikia. Wakitofautiana andika yote, upande wa Meru na upande wa Kirinyaga wanaweza kuwa na jina lao kila mmoja kwa mto mmoja na wote wako sawa. Andika na aliyesema ni wa wapi. Na uliza jina lina mipaka gani, manake mara nyingi mtu wa ramani anaweka jina kwa nukta moja na kumbe wenyewe wanalitumia kwa bonde lote.

Kuna vitu hamuweki kwa ramani?

Ndio. Mahali wanyama wanapolamba chumvi, mapito ya bongo (yule mnyama wa msituni), chochote kitakachomsaidia mwenye mitego. Sehemu za sala ambazo wazee wamesema tuziache, tunaziacha bila mjadala. Njia za wachoma makaa pia, ukiziweka kwa apu kesho mtalii anazifuata akijua ni njia ya kupanda.

Nataka kuanza na sina pesa ya programu. Nifanyeje?

QGIS ni bure. Pakua Copernicus ya mita 30 ya eneo lako, toa kontua kila mita 20 (usitoe za mita 5, data haiwezi kubeba, utapata mapambo tu), ongeza maji na njia kutoka OpenStreetMap (ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha), weka picha ya Sentinel-2 chini yake. Halafu kwa simu tumia QField ama OsmAnd, panda, rekebisha, rudi. Anza na bonde moja. Vijana wengi wanaanza na mlima mzima na wanaishia na mlima nusu ambao hauna faida kwa mtu. Bonde moja lililokaguliwa, mathalani kwa njia ya Naro Moru kutoka kambi ya Met Station hadi Mackinder's Camp, lenye lile tope la katikati likiwa limechorwa linapoanza na linapoishia, watu watalitumia kesho asubuhi.

Nguzo za kufungia kipimo chagua vitu vinavyoonekana angani na chini pia: kona ya bati la kibanda, jiwe kubwa peke yake kwa nyasi, makutano ya vijito. Kona ya kiziwa usichague, maji hupanda na kushuka.

Naweza kunakili kutoka Google ama karatasi ya serikali?

Kuangalia, sawa. Kunakili kuweka OpenStreetMap, hapana, Google hawaruhusu na karatasi za serikali zina haki zake. Data ya SRTM iko huru, ya Copernicus inataka uitaje, ya OpenStreetMap inataka uitaje na ukiiboresha hiyo data ukaisambaza ibaki wazi vilevile. Kuuza ramani yako iliyochapishwa unaruhusiwa ukifuata hayo. Faida yenyewe usiitegemee kulipa kodi ya nyumba.

Na Rwenzori, inafanywa hivihivi?

Hesabu ni zile zile, hali ya hewa ndiyo matusi. Mpaka wa Uganda na Kongo unapita juu ya vilele, Margherita yenye mita 5,109 iko mpakani kabisa, kwa hivyo data ya nchi moja inakatika katikati ya mlima na upande wa pili una mfumo mwingine. Mawingu ni karibu kila siku. Wataliano wa mwaka 1906 waliokuja na mpiga picha Vittorio Sella walikuwa wanangoja dakika chache za uwazi ndio wapige, na leo na setilaiti zetu zote bado tunangoja zilezile dakika chache.

Nikiwa na ramani kwa simu bado nibebe karatasi?

Beba, na dira. Tofauti ya dira na kaskazini ya kweli huku Kenya ni ndogo, haizidi digrii mbili, kwa hivyo hata hesabu huhitaji. Ifunge kwa nailoni, uikunje bonde unalopita likiwa juu, na uandike kwa penseli kila unachokuta hakipo. Peni ya wino inaganda. Ukishuka piga picha hayo maandishi yako na tarehe iwe juu yake, halafu weka marekebisho OpenStreetMap wiki hiyohiyo kabla hujasahau kijito kipi kilikuwa kipi.